Siku za Kufungua Nyamunene

Nsimire mwanangu,

Umeenda Kadutu kuaga marafiki zako, na mvua naona imekushika hukohuko. Baba yako amejinyoosha kitandani. Nimepata meza peke yangu, na kabla hujarudi nataka niandike yale ambayo mdomo wangu umekuwa ukiyakwepa tangu tulipojua kwamba umekubaliwa Kinshasa.

Sitakuandikia juu ya chakula, wala juu ya joto la kule, wala juu ya vijana. Hayo wamama wote wa mtaa wamekwisha kukuambia, na wewe umewaitikia "ndiyo, maman" kwa sauti ile ya mtu ambaye hasikii. Unga uko sandukuni. Basi, imetosha.

Unakwenda kujifunza kujenga mabwawa. Siku uliyotuambia, baba yako alicheka kwa furaha, akaanza kukuita injenieri palepale. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kufunua sufuria ambayo haikuwa na kitu. Uliniona, na hukuuliza. Leo nakujibu.

Unajua kwamba nilizaliwa bondeni, juu kidogo ya Luvungi, kando ya mto Nyamunene unaoshuka kutoka milimani kwenda kuingia Ruzizi. Wewe unaujua kama mto wa mawe, kwa sababu ulipoanza kwenda likizo kwa mjomba wako Bisimwa mto ulikuwa umekwisha kufungwa. Mimi niliujua ukiwa na maji. Mvua ikikolea ulipita kingo zake ukaingia mashamba ya chini, ukatulia humo siku kadhaa, halafu ukaondoka wenyewe. Uliacha tope jeusi, laini, ambalo tulipanda maharage na mateke, yale magimbi ya kwetu, bila kulima sana. Katika vidimbwi vilivyobaki kulikuwa na kambale waliopanda kutoka Ruzizi kutaga, na sisi watoto tuliwashika kwa vikapu, tukirudi nyumbani tunanuka. Baba yetu alikufa mapema. Bisimwa, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyetulea, na yale mashamba ya chini ndiyo yaliyonisomesha mpaka nikawa mkunga.

Lakini usidhani ulikuwa mto wa upole. Ulimchukua mdogo wangu Nankafu, ndiyo kwanza anaanza kusema, siku ambayo maji yalipanda haraka kuliko tulivyozoea. Mama alikuwa amemweka kwenye majani makavu, amegeuka kufunga mzigo wa maharage. Tangu siku ile mama hakulitaja tena jina la mto. Alisema tu "kule." Kwa hiyo watu wa kampuni ya umeme walipokuja kusema kwamba watajenga ukuta juu, kwenye korongo, na kwamba maji hayatavamia tena mashamba, bibi yako alipiga vigelegele mbele ya wote. Hakuna aliyemlazimisha. Watu wakikuambia kwamba bwawa lile waliletewa kwa nguvu, uwaambie bibi yako alilipigia vigelegele.

Wakati huo mimi nilikuwa tayari hapa Bukavu, mkunga wa materinite, hospitali ya wazazi. Mji ulikuwa unapanda vilima kila mwaka na umeme wa Ruzizi haukuwatosha watu. Kuran, huo umeme wetu, ilikatika bila kubisha hodi. Nakumbuka mama mmoja wa Bagira aliyekuwa mezani, daktari amekwisha kumpasua, taa zikazima. Daktari alimaliza kumshona kwa mwanga wa kandili niliyoshika mimi, nimeiegemeza kifuani. Mtoto aliishi. Mama yake hakuamka.

Nyamunene ilipoanza kutoa umeme, materinite ilipewa waya wake. Tukapata na kuveze, vile visanduku vya kioo vyenye joto vya kuwekea watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Nawe ulikuwa mmoja wao. Ulikuja mapema mno, ngozi yako ikiwa nyembamba hata nilikuwa naona damu inavyopita. Nilikuweka humo kwa mikono yangu mwenyewe, nikakaa kwenye kiti pembeni wiki baada ya wiki nikisikiliza ile mashine inavyonguruma. Joto lililokuweka hai lilitoka kwenye mto wa kwetu. Niliwaambia wenzangu kwamba Nyamunene ilimchukua Nankafu na sasa imenilipa.

Wewe ukiwa bado ndani ya kioo, Bisimwa akaja.

Alipanda kamyo, lori la kubeba mihogo, kutoka bondeni, akafika materinite na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameleta viazi vitamu, vyembamba kama vidole. Alitaka nimsindikize kwenye ofisi ya kampuni, kwa sababu nilijua Kifaransa na kwa sababu mke wa injenieri mkuu alikuwa amejifungulia mikononi mwangu. Tulisimama uani, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Alinieleza kwamba wakati wa kiangazi wanafunga maji yote, wanayapeleka kwa bomba kwenye mashine za bonde la pili, halipiti hata tone, na chini ya ukuta kumebaki mawe na madimbwi ya mbu. Samaki wanafika mpaka mdomo wa mto, wanakuta hakuna njia. Wakati wa mvua wanashika yote tena, na mashamba ya chini hayapati tope. Yamepasuka kama visigino.

"Siye tunaomba tu..." akaanza kusema.

Sikumwacha amalize. Nilikuwa sijalala vizuri tangu ulipozaliwa, na hofu yangu yote ilikuwa imekaa kwenye waya mmoja. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, nikamsimamisha mbele ya kioo chako.

"Mwangalie," nikamwambia. "Huyu njo Nsimire. Bakifungua mai, huyu anakufa. Ni vile unataka?"

Aliinama akakuangalia. Hakuwa amewahi kuona mtu mdogo namna ile.

"Hapana, dada," akasema. "Sitaki vile."

Aliacha viazi vyake kwenye benchi akarudi kutafuta kamyo. Mimi nilirudi kazini nikijiona nimekutetea kama chui. Hata nilimsimulia baba yako jioni, nikamwigiza mjomba wako alivyojibu, tukacheka.

Miaka ilipita. Bisimwa alitutumia salamu kwa watu wa kamyo, alikupokea vizuri kila likizo, ila hakukanyaga tena nyumbani kwetu na hakuniomba tena kitu. Nilidhani ni umri. Cirhuza, mwanawe wa kwanza, aliyekufundisha kupiga mluzi kwa majani, aliacha shamba akaenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Wadogo zake wakamfuata, mmoja akavuka mpaka Shabunda. Nilisema ni tamaa ya vijana. Nilisema hivyo mezani kwetu, na wewe ulikuwa unasikiliza.

Halafu shimo likamwangukia Cirhuza. Ulilia sana, nakumbuka, na sikukuchukua matangani kwa sababu ulikuwa na mitihani. Nilienda peke yangu. Nilikaa na wanawake nyuma ya nyumba, tunamenya mihogo, karibu na mke wa Bisimwa ambaye macho yake yalikuwa yamekauka. Ili kusema kitu, nikasema kwamba huenda angebaki shambani angekuwa hai.

Hakukasirika. Alisema polepole, bila kuacha kisu, kwamba wao hawakuwahi kuomba ukuta uvunjwe. Waliomba maji kidogo yaachwe yapite wakati wa kiangazi, ili mto usife kabisa. Na wakati wa mvua, bwawa likiwa limejaa, wafungue siku chache tu, maji yaingie mashambani na kutoka, kama zamani.

"Siku chache tu, Nabintu," akasema. "Alikuambia, si vile?"

Nikajibu kwamba hakuniambia.

Hapo ndipo alipoinua uso. "Alienda Bukavu kukuambia."

Nsimire, nimezalisha wanawake wengi, nimewafunga vitambaa vya sanda wengine ambao hawakurudi kwao. Sijawahi kushindwa kumaliza kumenya muhogo isipokuwa siku ile.

Nilirudi Bukavu na nikaenda kwa injenieri mkuu. Alikuwa mtu wa Kinshasa, mnene na mpole, Kiswahili chake kimejaa Lingala, koti lake la abakosti limepauka viwikoni. Nilikuwa nimejitayarisha kupigana naye. Aliniketisha, akaniambia kwamba jambo lile limekuwa likimsumbua miaka yote, na kwamba ameshatembea kule chini akaona mawe. Lakini hakunidanganya. Akifungua mlango wa chini wa bwawa, alisema, ziwa litashuka, mashine zitazunguka kwa uvivu, na mji utakosa umeme mpaka mvua ilijaze tena. Kuna mtu ataumia. Hajui ni nani.

"Mama," akasema, "batu ya chini balikaa bila mai, na hakuna mutu aliwauliza kama banakubali. Wende uulize batu ya mujini kama batakubali kukaa bila kuran siku kidogo. Bakikubali, mimi nitafungua."

Nikaanza kuuliza. Ulikuwa unaona nikitoka baada ya misa, nikitoka baada ya salongo, kazi ya mtaa ya Jumamosi, na jembe begani, ukadhani nimeingia katika mambo ya chama. Nilikuwa naenda kwa watu. Wamama wa soko walinisikiliza, kwa sababu wengi wao wananunua maharage ya bondeni na walikuwa wameona magunia yanavyopungua. Walimu walikubali. Mwenye mashine ya kusaga pale Kadutu alikataa, akaniuliza wanawake wanaopanga foleni kwake watapika nini jioni, na kama watoto wao si watoto. Alikuwa na haki. Nilirudi kwake tena na tena. Mwishowe alikubali kusaga usiku na mchana kabla ya siku zile, ili watu wajiwekee unga. Lakini alikubali akiwa amekasirika, na mpaka leo akiniona hanisalimu kwanza.

Mtu aliyenishinda alikuwa msichana mmoja, mama kijana, mtoto wake wa kwanza yuko ndani ya kuveze. Mapadri walikuwa wamekubali kutuazima groupe yao, ile mashine ya kuwasha umeme, na mafuta, na mimi nilipita kitanda kwa kitanda nikiwaeleza. Wengine waliitikia. Yeye aliniuliza, "Na groupe ikizima, Maman Nabintu?"

Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya mbele ya kioo chako. Ningeweza kumwambia haitazima. Nilimwambia sijui. Nilimwambia sitatoka mle chumbani siku zote zile, nitakaa naye, na kwamba kama anakataa nitakwenda kumwambia injenieri aache. Alifikiri. Akaniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikamweleza habari za mto, na safari hii nilieleza yote, pamoja na Cirhuza. Akasema sawa.

Sikuona maji yakifunguliwa. Watu waliokuwa kule walinisimulia kwamba yalianza kuja ya kahawia na povu, yakisukuma majani makavu mbele yake, na wazee walitembea pembeni kuyasindikiza. Mimi nilikuwa ndani. Groupe ilifanya kazi vizuri, halafu mchana mmoja ikakohoa ikanyamaza, na fundi hakupatikana upesi. Tuliwatoa watoto kwenye kuveze, tukawafunga vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, tukazungusha chupa za maji ya moto. Wote walivuka siku ile. Kesho yake mtoto wa yule msichana alikufa.

Daktari alisema mapafu yake hayakuwa yamekomaa, na angekufa hata kama taa zote za mji zingewaka. Huenda. Yeye ni daktari na hana sababu ya kunidanganya. Lakini mimi sijui, na sitajua, na nataka wewe uende Kinshasa ukijua kwamba mama yako hajui. Msichana yule hakunilaumu. Alinishukuru kwa sababu nilikaa, na shukrani ile imenikalia kifuani mpaka leo.

Maji yalipokwisha kutoka mashambani nilishuka bondeni. Bisimwa alikuwa kwenye tope mpaka magotini, anapanda maharage. Alikuwa amezeeka, na hakuwa na kijana hata mmoja wa kumsaidia; wote walikuwa kwenye mashimo ya dhahabu. Majirani walikuwa na furaha, isipokuwa mjane mmoja aliyekuwa amejenga kwenye ardhi ya chini miaka ile ya ukavu. Walimwonya ahame, hakuamini. Kuta zake zilikuwa zimeyeyuka. Bisimwa alikuwa amehamishia vyombo vya mjane huyo nyumbani kwake mwenyewe.

Nilivua viatu nikaingia topeni. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya siku ile ya kioo. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yakanitoka mafupi.

Aliendelea kupanda hadi mwisho wa mstari. Kisha akasema, "Uliniuliza kama nataka mutoto afe. Jibu gani ningekupa? Hata leo sina." Akapangusa mikono. "Ila ungeniacha nimalize maneno, dada."

Basi. Hakusema amenisamehe na hakusema amekataa. Nikamweleza habari za mtoto aliyekufa. Akaniuliza jina lake. Nikasema alikuwa bado hajapewa. Akanipa mbegu kiganjani, tukapanda wote mpaka jua likashuka.

Maharage yalizaa mwaka ule. Mwaka uliofuata wakaonekana kambale wachache, wembamba, na matete yakaanza kurudi pembeni. Injenieri akapelekwa kwingine, na aliyekuja baada yake alikataa. Ikabidi kuanza kuuliza upya, nyumba kwa nyumba. Yule wa sasa anafungua, lakini kila mwaka anataka aombwe. Haijawa sheria. Ni hisani, na hisani huchoka. Bisimwa alikufa mwaka ambao hawakufungua. Ulikuwepo mazishini, ulishangaa kwa nini nililia zaidi ya mke wake.

Sasa unajua nilikuwa natafuta nini ndani ya ile sufuria. Siogopi ujenge mabwawa. Pengine utajenga lenye mlango mdogo ambao haufungwi kamwe, ili mto uwe na chake kabla ya watu kuanza kugawana, na injenieri asiye na moyo asiweze kuubana. Pengine inawezekana, mimi si wa kukuambia. Ninachojua ni kidogo. Watakuja watu ofisini kwako, wengine na vumbi kwenye kope. Wewe utakuwa na hesabu zako, na hesabu zako zitakuwa za kweli, kama mimi nilivyokuwa na wewe, mtoto wa kweli, nyuma ya kioo. Ukiwa na kitu cha kweli mkononi ni rahisi sana kumpiga nacho mtu mdomoni. Na usiwaamini watakaokuambia kwamba mto ukirudishwa hakuna anayelipa. Mtafute anayelipa, ujue anakaa wapi, uende kukaa naye.

Nimekuangalia wiki hizi ukikunja nguo zako na nimetaka kukusimulia, kisha nikaona furaha yako nikaogopa kuitia maji baridi. Kukuandikia ni uoga pia. Nisamehe huo; ule wa mbele ya kioo si wewe wa kunisamehe.

Bado kitu kimoja, na hiki nimekikwepa mpaka hapa. Baba yako ndiye atakayekupeleka uwanja wa ndege, Kavumu, kesho. Wanafungua Nyamunene asubuhi. Nimeomba mwenzangu anishikie zamu, akakubali, nami nikarudi nikamwambia hapana, kwa sababu kuna mapacha walioletwa kutoka Walungu juzi, wadogo mno, na mama yao nimemwambia nitakuwepo. Nilimwahidi mama huyo kabla sijaangalia kalenda. Utakasirika. Kasirika tu, una haki, ila panda ndege.

Uwanja uko mbali, na mjini hapa ndege haisikiki ikiondoka. Saa ile nitakuwa nimeingiza mkono chini ya kitambaa, nimeshika miguu ya mtoto wa mtu, napima kama bado ina joto.

Mama yako,
Nabintu